Seli za ubongo zilizopuuzwa miaka mingi zaweza kuwa kiini cha usahaulifu

Na MWANDISHI WETU

MZEE aliyewajua wajukuu wake wote kwa majina anaanza kuwachanganya. Mama aliyepika chai kila alfajiri kwa miaka arobaini anabandika sufuria motoni bila maji. Mwanzoni watu wa nyumbani hucheka. Siku ambayo mzee anatoka kwenda dukani na kushindwa kuiona njia ya kurudi, kicheko hukoma.

Wengi wetu husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba mzee amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Madaktari nao husema huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao huuita dimenshia. Aina yake inayopatikana zaidi ni Alzheimer. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye mapato ya chini na ya kadiri. Si maradhi ya Wazungu, kama inavyodhaniwa na wengi.

Lakini ni kitu gani hasa kinachouharibu ubongo wa mtu huyo? Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walilitafuta jibu ndani ya seli za neva, zile zinazopitisha ujumbe. Daktari mmoja Mmarekani, Ben Barres, aliamua kutazama kando yake, kwenye seli ambazo hazikuwa zimeshughulisha watu wengi. Alichokiona kimebadilisha namna ubongo unavyofundishwa vyuoni.

'Gundi' ya kichwani

Ubongo wa binadamu una makundi mawili makubwa ya seli. Kundi la kwanza ni seli za neva, ambazo huwasiliana kwa umeme mdogo na kemikali. Ni hizo zinazokuwezesha kusoma sentensi hii, kuinua kikombe na kuukumbuka uso wa mama yako. Kundi la pili ni seli za glia.

Jina hilo la pili lilianza kama dharau. Katikati ya karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani Rudolf Virchow aliona kitu kilichojaza nafasi kati ya neva, akakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Jina likaganda, na dhana ikaganda nalo. Vizazi vya wanafunzi wa udaktari vilifundishwa kwamba kazi ya glia ni kuzishikilia neva zisianguke, basi.

Ni kama abiria anayedhani kwamba matatu huendeshwa na dereva peke yake. Makanga haonekani kuwa na maana mpaka siku asipokuja kazini. Siku hiyo nauli haikusanywi, mlango haufungwi, na dereva hajui ni nani anayetaka kushuka wapi.

Hata idadi ya seli hizo haikuchunguzwa vizuri. Vitabu vingi vilisema kuna glia kumi kwa kila seli moja ya neva, na waandishi wakawa wananakiliana. Mwaka 2009 mtafiti wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, pamoja na wenzake walitangaza matokeo ya hesabu mpya. Walipata kwamba ubongo wa mtu mzima una seli za neva bilioni 86 hivi, na seli nyingine bilioni 85 hivi, ambazo nyingi ni glia. Makundi hayo mawili yanakaribia kulingana.

Glia zenyewe ni za aina tatu kuu. Ya kwanza ni oligodendrositi, ambazo huzungushia nyuzi za neva tabaka la mafuta, mfano wa plastiki inayofunika waya wa stima, ili ujumbe usafiri kwa kasi. Ya pili ni astrositi, zenye umbo la nyota, ambazo hulisha neva na kusafisha kemikali zinazomwagika kati yake. Ya tatu ni maikroglia, askari wa kinga ndani ya ubongo, ambazo hula viini vya maradhi na seli zilizokufa.

Daktari arudi darasani

Barres alizaliwa mwaka 1954 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Alihitimu udaktari mwaka 1979, kisha akaendelea na mafunzo ya kutibu maradhi ya ubongo na neva mjini New York. Huko ndiko alikokutana na wagonjwa ambao hakuweza kuwasaidia. Ubongo wao ulikuwa unazorota, na yeye, pamoja na elimu yake yote, hakuwa na dawa ya kuwapa wala maelezo ya kutosha kwa jamaa zao.

Alipokuwa akichunguza ubongo wa waliofariki kwa darubini, kuna jambo moja lililomkaa moyoni. Kila mahali palipoharibika, glia zilizopazunguka zilikuwa zimebadilika sura. Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba seli za neva hufa kwanza, ndipo glia huja kufagia. Barres alijiuliza swali rahisi: je, ikiwa glia hazikuja kuzima moto bali zina mkono katika kuuwasha?

Kwa sababu ya swali hilo aliiacha njia ya udaktari wenye kipato kizuri na kurudi kuwa mwanafunzi. Alipata shahada ya uzamifu katika chuo kikuu cha Harvard mwaka 1990, akaenda London kufanya kazi na mtafiti Martin Raff, na mwaka 1993 akafungua maabara yake katika chuo kikuu cha Stanford, California.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa la kiufundi. Ubongo ni mchanganyiko wa seli za kila aina zilizosongamana. Utajuaje kazi ya aina moja ikiwa huwezi kuitenga? Barres alistadi katika njia ya kupembua seli kama mpishi anavyopembua mchele. Vyombo vya maabara vilipakwa protini zinazonasa aina moja tu ya seli. Seli hizo zikinata, nyingine huoshwa na kumwagwa.

Kwa njia hiyo yeye na wanafunzi wake walipata seli za neva kutoka macho ya panya, safi kabisa, zisizo na glia hata moja. Walizilisha vizuri na zikaishi. Lakini hazikuwa na mengi ya kuambiana. Walipozichanganya na glia, mambo yakabadilika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba ishara zilizopokewa kati ya neva ziliongezeka karibu mara 70.

Mwaka 2001 walieleza sababu mojawapo. Neva hukutana katika viungo vidogo sana viitwavyo sinapsi, na hapo ndipo ujumbe huvuka kutoka seli moja hadi nyingine. Kujifunza jambo na kulikumbuka hutegemea viungo hivyo. Neva zilizoishi na astrositi zilikuwa na sinapsi mara saba zaidi ya zile zilizoishi peke yake. Mwaka 2005 maabara hiyo ilitaja baadhi ya protini ambazo astrositi hutoa ili sinapsi ziundwe.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mafundi waliounda walikuwa pale siku zote, ila hakuna aliyewauliza kazi yao.

Yeye pia alipuuzwa

Barres alijua ladha ya kupuuzwa. Alizaliwa na kulelewa kama msichana, na aliishi kama mwanamke hadi mwaka 1997 alipobadili jinsia, akiwa tayari ni mhadhiri Stanford.

Mwaka 2006 alisimulia mambo mawili katika jarida la kisayansi la Nature. La kwanza lilitokea alipokuwa mwanafunzi wa kike katika chuo cha MIT. Katika darasa lililojaa wanaume, ni yeye peke yake aliyetegua hesabu moja ngumu. Badala ya kumpongeza, mwalimu alimwambia kwamba bila shaka alifanyiwa na mpenzi wake. La pili lilitokea baada ya kuanza kuishi kama mwanamume. Mwanasayansi mmoja alisikika akiusifu mhadhara wake na kuongeza kwamba kazi yake ni bora kuliko ile ya dada yake. 'Dada' huyo alikuwa Barres mwenyewe, kabla ya kubadili jina. Kazi ilikuwa ya mtu yule yule.

Kuanzia hapo aliutumia umaarufu wake kuwatetea wanawake na vijana katika sayansi. Mwaka 2013 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa mwanachama wa kwanza kujulikana waziwazi kuwa amebadili jinsia.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kujenga ni nusu tu ya kazi. Mtoto mchanga huwa na sinapsi nyingi kupita kiasi, kama shamba la mahindi ambapo mbegu tano zimeota katika shimo moja. Ili mazao yawe mazuri, miche mingine lazima ing'olewe. Ubongo unaokua nao hung'oa sinapsi zisizotumika sana na kuziacha zile zenye nguvu.

Nani hung'oa? Mwaka 2007 Beth Stevens, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Barres, pamoja na wenzake walitoa jibu lililowashangaza wengi. Sinapsi za kuondolewa hutiwa alama kwa protini za kundi liitwalo komplementi, mojawapo ikiwa C1q. Katika damu, protini hizo hizo hubandikwa juu ya bakteria ili askari wa kinga wajue cha kula. Panya waliozaliwa bila protini hizo walibaki na sinapsi ambazo zilipaswa kuondolewa. Mwaka 2012 Stevens, akiwa sasa na maabara yake Boston, alishiriki katika utafiti ulioonyesha mlaji ni nani: maikroglia, wale askari wa ubongo.

Katika utoto, ulaji huo ni neema. Hatari ni pale unapoanza tena uzeeni bila kuitwa. Mwaka 2016 Stevens, Barres na wenzao walichapisha utafiti juu ya panya waliofanywa kuwa na dalili za Alzheimer. C1q iliongezeka na maikroglia zikaanza kula sinapsi mapema, kabla ya yale mabonge ya protini yanayojulikana kwa ugonjwa huo kujikusanya ubongoni. Watafiti walipoizuia C1q, sinapsi nyingi zilinusurika.

Maana yake ni nzito. Ikiwa mambo huenda hivyo kwa binadamu pia, basi mzee anayesahau anapoteza viungo vyake vya kumbukumbu mapema, na anayeviondoa ni mlinzi wake mwenyewe aliyechanganyikiwa.

Januari 2017 ukaja utafiti ambao Barres aliuona kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi ya maabara yake. Akiwa na Shane Liddelow na wenzao, alionyesha kwamba maikroglia zikichokozwa na ugonjwa au jeraha hutoa ishara tatu za kemikali. Astrositi zinazopokea ishara hizo huacha kulisha neva na hutoa sumu inayoziua. Kwa kawaida, panya akikatwa au kubanwa neva ya jicho, seli zilizounganishwa na neva hiyo hufa. Ishara hizo tatu zilipozuiwa, seli zilibaki hai.

Astrositi za namna hiyo zilipatikana pia katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Alzheimer, Parkinson na maradhi mengine ya kuzorota kwa neva. Lile swali la daktari kijana wa New York lilikuwa limepata jibu, angalau kwa sehemu.

Hata hivyo, sayansi haikusimama hapo. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilionya kwamba si sahihi kuzigawa astrositi zilizochokozwa kuwa 'mbaya' na 'nzuri' tu. Hali zao ni nyingi, na hubadilika kulingana na ugonjwa, umri na sehemu ya ubongo.

Yanatuhusu vipi?

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya panya wa California. Sivyo. Kenya ina zaidi ya watu milioni moja wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na virusi hivyo huingia ubongoni. Kwa kawaida haviingii ndani ya seli za neva zenyewe. Hujificha ndani ya maikroglia, ambazo huishi miaka mingi. Maikroglia zilizoambukizwa humwaga kemikali zinazodhuru neva zilizo jirani. Ndiyo sababu, kabla ya dawa za ARV kupatikana kwa wingi, wagonjwa wengi walipoteza kumbukumbu wakiwa bado vijana. Dawa hizo zimepunguza sana hali hiyo mbaya, ingawa haziviondoi virusi vilivyojificha. Anayeruka dozi anahatarisha pia ubongo wake.

Isitoshe, aina nyingi za uvimbe wa saratani unaoanzia ndani ya ubongo hutokana na glia. Nao ugonjwa wa multiple sclerosis huwapata watu wakati kinga ya mwili inaposhambulia tabaka lile la mafuta linalofunika nyuzi za neva.

Dawa iko wapi? Kwa sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kutuliza glia za mgonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2011 Barres alishirikiana kuanzisha kampuni ya Annexon ili kutafuta dawa ya kuizuia C1q. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza matokeo mazuri ya majaribio ya dawa yake kwa wagonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga hushambulia neva za mwili na kumfanya mtu apooze ghafla. Kutoka hapo hadi kutibu Alzheimer ni safari nyingine. Maikroglia pia zina kazi muhimu ya kupambana na viini vya maradhi, na kuzizima zote ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu alikosea usiku mmoja.

Barres hakuishi kuiona safari hiyo ikifika mwisho. Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwaka 2016, na alifariki Desemba 27, 2017, akiwa na umri wa miaka 63. Waliokuwa karibu naye wanakumbuka kwamba katika miezi yake ya mwisho alikuwa kitandani akiwaandikia wanafunzi wake barua za kuwapendekeza kazini. Wengi wao leo wana maabara zao, nao wanaendelea kuzichunguza seli zile zile.

Ushauri kwa walio na wazee

Wakati dawa zikisubiriwa, kuna mambo yanayoweza kufanywa. Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilisema kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa. Baadhi yake ni haya:

• Shinikizo la damu na kisukari. Pima mara kwa mara hata kama hujisikii mgonjwa, na umeze dawa kama ulivyoagizwa.

• Masikio na macho. Mzee asiyesikia au kuona vizuri hujitenga, na ubongo wake hukosa kazi. Mtafutie kifaa cha kusikia au miwani.

• Majeraha ya kichwa. Anayepanda bodaboda avae kofia ya chuma, na anayepanda matatu afunge mkanda.

• Sigara na pombe nyingi. Zote mbili huudhuru ubongo, pamoja na mishipa ya damu inayoulisha.

• Upweke na kukaa bila mazoezi. Kutembea, kuzungumza na wenzake na kwenda kwenye mikutano ya chama ni sehemu ya tiba ya mzee.

Aidha, si kila anayesahau ana dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, huzuni kubwa, maambukizi, baadhi ya dawa na damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka vyote huweza kuleta usahaulifu, na vingi vinatibika vikigunduliwa mapema. Hilo haliwezi kujulikana kwa kukisia nyumbani, wala kwa kununua chupa kutoka kwa anayedai kuuza dawa ya kurudisha kumbukumbu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mzee akianza kuipoteza njia ya nyumbani, usimcheke wala usimnong'one. Mshike mkono, umpeleke akapimwe.